Ufa Huanza Kabla ya Kuonekana

Sanamu ya udongo haipasuki siku ile inapopasuka. Ufa unaouona asubuhi ukifunua nailoni, au kishindo kinachosikika ndani ya tanuri wakati moto haujafika hata robo ya safari yake, ni taarifa tu ya jambo lililokwisha kuamuliwa kitambo: siku shingo ilipoachwa nene kuliko kichwa, siku sikio lilipobandikwa bila kukwaruzwa mahali pa kuungia, siku dirisha lilipokaa wazi na upepo ukakausha shavu la kushoto kabla ya la kulia. Nimeishi na kazi ya mikono, kwanza udongo na baadaye mbao, kwa muda wa kutosha kulijua hili kwa vidole, na karibu kila ninachokijua kuhusu kuendelea baada ya kuharibikiwa kinatokana nalo.

Wanaoanza kufinyanga sanamu huambiwa kwamba kinacholipua kazi tanurini ni hewa iliyonaswa ndani ya udongo, na wengi huishia kupigapiga madonge yao kwa hofu ya povu. Hewa inasingiziwa. Hewa ikipata joto hutanuka kiasi na kupenya kwenye vinyweleo vya udongo. Kinachovunja ni maji. Udongo unaoonekana mkavu kabisa kwa juu unaweza kuwa bado na unyevu katikati, na moto ukipita nyuzi joto 100 za Selsiasi unyevu huo hugeuka mvuke, unaotaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile iliyoutosha ulipokuwa maji. Ukuta mwembamba huuachia mvuke njia, ilhali ukuta mnene huufungia mpaka mahali fulani pasalimu amri. Juu ya hayo kuna suala la kunywea. Udongo mwingi hupungua kwa asilimia 5 hadi 8 kwa kukauka tu, na ukishatoka motoni jumla yaweza kufika asilimia 10 au 12, kiasi kwamba sanamu iliyofinyangwa kwa sentimita 50 hutoka ikiwa na 44 au 45. Hilo halina ubaya iwapo sanamu nzima itanywea pamoja. Ubaya ni pale pua iliyokwisha kukauka inapokataa kusogea huku shavu lenye unyevu likiendelea kusogea, au pale waya na vijiti vilivyowekwa ndani kama kiunzi vinaposimama imara huku udongo ukijibana kuvizunguka bila pa kwenda.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na hakuna mfinyanzi atakayewabishia. Hata hivyo, methali hiyo inahusu nusu ya kwanza ya kazi tu, nusu ya kuharakisha. Nusu ya pili, ambayo haina methali yake, ni kuuchelewesha udongo usikauke upesi: kufunika kwa nailoni, kufunua kidogo, kugeuza upande, kufunika tena, na kungoja wakati mtu ana hamu kubwa ya kuona kazi ikiwa imekamilika. Kazi nyingi zilizonifia zimefia katika nusu hiyo.

Iliyonifundisha kusoma vigae ilikuwa kichwa cha mwanamke mzee aliyejifunga kitambaa. Tanuri lilipofunguliwa, uso ulikuwa mzima, kope na mikunjo ya mdomo vikiwa kama nilivyoviacha, lakini kisogo hakikuwepo. Kilikuwa kimetawanyika chini ya tanuri, vipande vyembamba vilivyobonyea katikati kama visahani, na kimoja kilikuwa kimeruka na kutoboa ubavu wa mtungi uliosimama jirani. Nilivikusanya vyote kwenye sinia nikavipanga kwa unene. Vipande vyote vilivyoruka vilitoka mahali pamoja, pale ambapo kitambaa cha udongo kililazwa juu ya fuvu, na hapo tabaka mbili kwa pamoja zilizidi unene wa vidole vitatu. Nilipokivunja kigae kimoja zaidi kwa nyundo, katikati yake palikuwa na mstari wa kijivu, dalili kwamba hata moto wenyewe haukupata nafasi ya kuunguza kilichokuwamo kwenye kiini. Tabaka la juu lilikuwa limelainishwa kwa sponji ya maji mpaka likaziba kila kinyweleo. Uso, kwa upande mwingine, ulikuwa umekombwa kwa nyuma kwa kitanzi cha waya hadi ukabaki na unene wa kidole, na haukuwa na hata mchubuko.

Tangu hapo siamini huzuni ya dakika tano za kwanza. Kutupa vigae kabla ya kuvitazama ni kutupa sehemu pekee ya kazi ambayo ilikuwa tayari kueleza kilichotokea. Vigae vina lugha yake, na mtu huizoea. Ufa mpana ukingoni unaofifia kadiri unavyoingia ndani kwa kawaida ni wa kukauka, maana ukingo hukauka kwanza. Kwenye kazi iliyopakwa glezi, yaani ule unga wa madini unaoyeyuka na kuwa kioo juu ya udongo, inatosha kupitisha ukucha kwenye kingo za ufa: glezi ikiwa imejikunja na kulainika pande zote mbili, ufa ulikuwepo kabla glezi haijayeyuka, ikiwa kingo ni kali zinazokata, ufa ulitokea wakati wa kupoa. Hapo ndipo wengi hujiponza kwa hamu ya kuchungulia, kwani kwenye nyuzi 573 mchanga wa kwatzi ulio ndani ya udongo hubadili umbo la fuwele zake na ukubwa wake kwa ghafla, moto unapopanda na unaposhuka, na tanuri linalopozwa kwa kasi hufanya upande mmoja wa sanamu uvuke mpaka huo huku upande mwingine ukiwa bado ng'ambo. Makosa haya mawili, yanayotazamika kama ufa mmoja, yana tiba mbili zilizo mbali kabisa: la kwanza linatibiwa mezani, la pili kwa kuliacha tanuri lifungwe mpaka kesho yake.

Tiba ya kile kichwa ilikuwa rahisi kuisema. Kazi ikifika ile hali ambapo udongo umegangamaa kiasi cha kushikika bila kubonyea, hukatwa kwa waya, hukombwa ndani, kisha vipande huunganishwa tena kwa kukwaruza na kupaka uji wa udongo uleule. Inakauka polepole chini ya nailoni. Kabla ya kuichoma huigusisha shavuni: ikiwa na ubaridi, maji bado yapo, hata kama macho yanasema vingine. Kisha tanuri hukaa na joto dogo, chini ya lile la kuchemsha maji, usiku kucha.

Lakini lililonishangaza halikuwa tiba, bali kilichozaliwa nayo. Kwa kuwa mvuke ulihitaji njia, kichwa kilichofuata nilikifinyanga kitambaa chake kikiwa peke yake, chenye uwazi ndani, na kwenye mkunjo mmoja nyuma ya sikio nikaacha mwanya. Ulikuwa wa mvuke tu. Hata hivyo, kilipokuwa kimesimama mezani kikipigwa na mwanga wa pembeni, kile kiza kilichokuwa ndani ya mkunjo kilikuwa na uhai kuliko sehemu yoyote niliyoipigania kwa kijiti na sponji, na kitambaa kikaanza kuonekana kwamba kweli kimefungwa na mikono ya mtu. Vichwa vyangu vyote baada ya hicho vina mianya. Watu hunisifu kwa wazo hilo, nami sina hakika kama sifa ni yangu au ya fizikia.

Ndiyo maana nina wasiwasi na namna watu wanavyozungumzia ilhamu, kana kwamba ni mgeni anayebisha hodi kwa aliyetulia. Kwangu imekuja mara nyingi zaidi nikiwa nimeinamia sinia la vigae, nikitafuta jibu la swali la kawaida kabisa la kiufundi. Historia ya kazi hizi imejaa mifano ya namna hiyo, na ninaoupenda kuliko yote ni wa Mfaransa Bernard Palissy wa karne ya 16, aliyehangaika miaka 15 au 16 kutafuta siri ya glezi nyeupe. Huyu hutajwa sana kama mfano wa uvumilivu kwa sababu kuni zilipomwishia alichoma meza na mbao za sakafu ya nyumba yake. Sipendi anavyotumiwa hivyo, maana waliokaa bila sakafu walikuwa mke na watoto, na hakuna anayewauliza. Kilicho na manufaa zaidi ni maelezo aliyoyachapisha mwenyewe mwaka 1580 kuhusu mambo madogo yaliyomharibia. Safari moja, tope alilolitumia kujengea tanuri lilikuwa na kokoto, nazo zikalipuka kwa joto wakati glezi ikiwa imeyeyuka. Vichembe vikanata juu ya vyombo, na kila aliyevigusa akakatika. Watu walikuwa tayari kuvinunua kwa bei ya chini. Akakataa na kuvivunja vyote, kwa hoja kwamba vingemshushia heshima. Kisha jivu la kuni likamharibia kazi nyingine, naye akalijibu kwa kufinyanga makasha ya udongo ya kufunikia vyombo ndani ya tanuri ili moto ufike na jivu lisifike. Hapo sioni uvumilivu mtupu. Naona mtu aliyeuliza uharibifu umeingilia mlango gani, akaufunga.

Mchongaji Mfaransa Auguste Rodin aliliendea jambo hilo kwa njia nyingine. Akiwa bado kijana asiyejulikana alifinyanga kichwa cha kibarua mmoja mwenye pua iliyovunjika, na katika majira ya baridi ya kati ya mwaka 1863 na 1864, kwenye karakana isiyo na joto, udongo uliganda na kisogo kikaanguka. Hakukirudishia. Alichopeleka kwenye maonyesho makubwa ya Paris kilikuwa uso mtupu, mfano wa barakoa, nao wakaukataa. Toleo la marumaru lenye kichwa kizima lilikubaliwa mwaka 1875, lakini kwa jicho langu ule uso uliopungukiwa ndio wenye nguvu, na si ajabu kwamba baadaye Rodin aliweza kuonyesha, kwa makusudi kabisa, miili isiyo na mikono na isiyo na kichwa. Mtu aliyewahi kutazama kwa makini kitu kilichovunjika, akaona kwamba kilichobaki kinajitosheleza, hawezi tena kurudi kuamini kwamba ukamilifu ni kuhesabu viungo.

Mbao zina subira zaidi kuliko udongo katika kulipiza. Gogo bichi huchongeka kwa raha, patasi ikiteleza na kutoa maganda marefu yenye harufu, na mchongaji akajiona fundi. Baada ya muda, kinyago kikiwa kimesimama mahali pake pa heshima, hulia mlio mkavu na kufunguka kutoka paji la uso hadi kidevuni. Sababu yake haina siri. Maji ya mti yakishuka chini ya kama asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, mbao huanza kunywea, na hunywea kuzunguka gogo karibu mara mbili ya inavyonywea kutoka kiini kwenda kwenye gome, huku kwa urefu isipungue kwa kiasi cha kuonekana. Duara linalopungua mzingo kuliko linavyopungua kipenyo halina budi kupasuka. Kwa hiyo gogo zima lenye kiini chake ndani litapasuka, na swali la mchongaji ni moja tu: lipasukie wapi. Wachongaji wa Ulaya ya zama za kati walilijua hili vizuri, ndiyo maana ukizigeuza sanamu zao nyingi za watakatifu utakuta mgongo umekombwa na kiini kimeondolewa kabisa. Mimi hupasua gogo mara mbili kupitia kiini kabla ya kuanza, hupaka nta kwenye vichwa vyake viwili ambako maji hutoroka upesi, na kazi inapolala huifunga kwa mfuko pamoja na maganda yake yenyewe. Pale ambapo ukubwa wa kazi haukuniruhusu kulipasua gogo, nimejifunza kukata mfereji mwembamba mgongoni hadi kwenye kiini ili ufa upate njia yake huko. Mara nyingi hukubali, ingawa si kila mara.

Jambo moja la pembeni, ambalo linanipa hasira kila linapoachwa katika masimulizi ya namna hii: mwili nao ni chombo cha kazi. Mchonga mwiko hukimbiza mkono wake, na patasi butu ni hatari kuliko kali, kwa kuwa butu hulazimisha kusukuma kwa nguvu na nguvu ikiteleza haina breki. Vumbi la udongo mkavu na la mawe mengi lina silika, madini ya jamii ya ile kwatzi, ambayo ikizoea kuingia mapafuni huleta makovu yasiyopona. Karakana hufutwa kwa kitambaa chenye maji, haifagiliwi ikiwa kavu, na msasa hupigwa kazi ikiwa imeloweshwa au pua ikiwa imefunikwa kwa barakoa ya maana. Nimeona watu waliovumilia kila aina ya ufa wakasimamishwa na kikohozi.

Kuna vipindi ambavyo hakuna kilichopasuka na bado kazi haiendi. Mikono mizima, udongo laini, tanuri zima, na hamu haipo. Hapa sina siri ya kutoa zaidi ya kwamba sikai kuingoja. Hunoa. Huloweka mabaki ya udongo makavu, huyachuja, huyaanika juu ya plasta na kuyakanda, kazi inayochosha mabega na kuiacha akili izurure. Hufinyanga vielelezo vya ukubwa wa kidole gumba, vingi na kwa haraka, bila kuvipa macho wala vidole, kwa sababu mkao wa mwili ukiwa mbaya katika ukubwa huo hautaponywa na urembo katika ukubwa wa mtu. Mchoraji Mfaransa Edgar Degas aliishi na vitu vya namna hiyo kwa miaka mingi. Katika uhai wake alionyesha hadharani sanamu moja tu, ya msichana mcheza dansi, mwaka 1881. Alipofariki mwaka 1917 karakana yake ilikuwa na zaidi ya 150, za nta na udongo, nyingi zikiwa zimeanza kumomonyoka. Picha za eksirei zimeonyesha kwamba ndani yake alijazia vizibo vya chupa na mipini ya brashi. Fundi yeyote angemwonya kwamba viunzi hivyo visingedumu, na kweli havikudumu vyote. Lakini alikuwa akitafuta mwili unavyojibeba wakati mguu mmoja umeinuka, na alichokuwa akikitafuta hakikuhitaji kiunzi cha kudumu miaka mia. Nikiwa nimekwama hujiuliza kama ninachokifanya ni kitu cha kubaki au ni swali tu, na jibu likiwa la pili, ule uzito wa kukosa hamu hupungua kwa kiasi kikubwa.

Swali gumu zaidi ni lipi la kuokoa. Siku hizi mtu akivunja kikombe hakosi rafiki wa kumkumbusha Wajapani na nyufa zao zilizopambwa kwa dhahabu. Ufundi ule nauheshimu mno kuutumia kama pole. Gundi yake ni utomvu wa mti unaoganda polepole, tena katika hewa yenye unyevu, na tabaka juu ya tabaka hufanya ukarabati wa chombo kimoja uchukue majuma au miezi. Anayeufanya ameshaamua kwamba chombo hicho kinastahili muda huo. Nami hupima hivyohivyo. Ufa ukiwa umepita mahali ambapo sanamu haikuwa na la kusema, huuziba, huupaka rangi na kusonga mbele. Ukiwa umepita mahali penye uzito wote wa kazi, kama kwenye kiungo cha shingo na bega ambapo mkao mzima unaamuliwa, siuzibi, maana nitakuwa nikiutazama kila siku na kazi haitapona machoni pangu. Na kama kazi ilikuwa dhaifu kabla ya kuvunjika, kuvunjika hakuiongezei chochote. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini hakuna mhunzi anayelitundika ukutani koleo lililovunjika akaliita kazi yake.

Udongo ambao haujachomwa haupotei hata ukisagika: hutiwa maji, hulala, huwa uji, na baada ya kuanikwa na kukandwa hurudi mezani ukiwa umeshikana vizuri kuliko ulipokuwa mpya. Uliokwisha kupita motoni haurudi tena kuwa udongo. Vigae ambavyo nimeshavisoma na havina tena la kunieleza huvifunga kwenye gunia vikiwa vimeloweshwa, huviponda kwa nyundo, huvichekecha, na unga wake wa chengachenga huuchanganya na udongo mpya. Chenga hizo zilikwisha kunywea zamani, kwa hiyo hazinywei tena. Hupunguza kupinda, huzuia nyufa zisikimbie, na hufungua njia za mvuke kupita kwenye kuta nene. Kiasi hutegemea kazi, kati ya sehemu moja na tatu kwa kila kumi. Kwa mwili na mabega nazidisha, maana huko ukuta ni mnene na uzito ni mkubwa. Kwa uso napunguza mno, na kwa kope situmii kabisa, kwani chenga moja ikinasa kwenye ncha ya kijiti huburuta mstari mzima, nao mstari wa kope hauna nafasi ya kurudiwa mara mbili.